Mchanga Umeungana au Umetengana? Namna Kompyuta Inavyopanga Miamba ya Mafuta

Chukua hifadhi mbili za mafuta zilizo chini ya ardhi, zenye kina kimoja, mgandamizo mmoja na kiasi kilekile cha mchanga. Katika ya kwanza, mchanga umelala kwa mikondo mirefu ya mto wa kale, mikondo inayokatana na kugusana. Katika ya pili, mchanga umekatikakatika kuwa mafungu, na kila fungu limezingirwa na tope lililogeuka jiwe. Ukipiga hesabu ya mafuta yaliyomo, majibu yatakaribiana sana. Lakini ukichimba visima, ya kwanza itaendelea kutoa mafuta miaka na miaka, na ya pili itaanza kufifia mapema, kwa kuwa kila kisima kitakuwa kinanyonya fungu lake peke yake huku mafuta ya jirani yakibaki palepale yalipo. Kinachozitofautisha ni mpangilio wa miamba, na kuutafuta mpangilio huo ndiyo kazi ya modeli ya fasiesi.

Fasiesi ni aina ya mwamba inayotambulika kwa sura na tabia zake: ukubwa wa chembe, namna tabaka zilivyolala, visukuku vilivyomo, rangi. Tabia hizo zikikusanywa pamoja hueleza mwamba ulizaliwa wapi, kama ni kwenye sakafu ya mto, ufukweni, au kwenye kina cha bahari tulivu. Wazo hili liliingizwa katika jiolojia mwaka 1838 na Mswisi Amanz Gressly, aliyekuwa akichunguza milima ya Jura na kuona tabaka za umri mmoja zikibadilika sura kadiri alivyozifuata upande. Mwaka 1894 Mjerumani Johannes Walther akaweka kanuni ambayo bado inatumika kila siku: fasiesi zinazopandana kwa wima, bila pengo la muda kati yake, ni zile zilizokuwa zikikaa ubavu kwa ubavu wakati zinawekwa. Kanuni hii ina thamani kubwa kwa anayetafuta mafuta, maana kisima humwonyesha wima tu, naye anahitaji kujua yaliyo upande.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiiruke hatua hii. Visimani tuna vipimo vya vinyweleo, yaani sehemu ya jiwe iliyo wazi, na vya upenyezaji, yaani urahisi wa majimaji kupita ndani ya jiwe. Kwa nini tusivisambaze moja kwa moja kwenye kompyuta bila kujisumbua na fasiesi?

Tatizo ni kwamba upenyezaji hauna subira na wastani. Mchanga mzuri unaweza kuwa na upenyezaji wa mamia ya milidarsi (kizio cha kupimia upenyezaji), hata maelfu. Jiwe la tope linaweza kuwa chini ya 0.001. Weka tabaka mbili za unene sawa, moja ya milidarsi 1,000 na nyingine ya 0.01. Majimaji yakipita sambamba na tabaka hizo, wastani wake ni milidarsi 500. Yakizikatisha kutoka juu kwenda chini, wastani ni 0.02. Jiwe ni lilelile, na namba mbili hizo zinapishana mara 25,000. Anayesambaza namba bila kwanza kujua tope liko wapi na limetandazwa vipi atapata modeli yenye hesabu safi na mtiririko usiowezekana. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida ni kuweka fasiesi kwanza, kisha kuijaza kila fasiesi vinyweleo na upenyezaji wake yenyewe.

Tunachokijua ni kidogo mno

Kisima cha kawaida kinapofika kwenye mwamba wa mafuta huwa na kipenyo cha takriban sentimita 22. Eneo la duara hilo ni kama mita za mraba 0.038. Ikiwa visima vimeachana kilomita moja, kila kisima kinawakilisha mita za mraba milioni moja, maana yake tumegusa sehemu moja kati ya milioni 26 hivi. Tena si kila kisima hutolewa sampuli ndefu ya mwamba ya kukatwa na kuchunguzwa maabara, kwa sababu kazi hiyo ni ghali na huchelewesha uchimbaji.

Kinachobaki ni vifaa vinavyoshushwa kisimani kwa waya na kurekodi tabia za miamba. Ndugu wawili wa Ufaransa, Conrad na Marcel Schlumberger, ndio walioanzisha kazi hii: rekodi ya kwanza ya umeme wa miamba ilichukuliwa Pechelbronn, Alsace, mwaka 1927. Leo vipo pia vipimo vya miale ya gama, vya msongamano, vya nyutroni na vya mwendo wa sauti. Tope kwa kawaida hutoa miale mingi ya gama kwa sababu ya potasiamu, toriamu na urani, kwa hiyo wengi huchora mstari mmoja na kusema juu ya hapa ni tope, chini ya hapa ni mchanga. Mstari huo hudanganya mahali ambapo mchanga wenyewe una madini yenye potasiamu kama feldispa na mika. Kuna mashamba ya mafuta ambayo mchanga wake mzuri ungetupwa jalalani na kanuni hiyo. Sampuli moja ya mwamba iliyosomwa kwa macho ya mwanajiolojia mwenye uzoefu huokoa mengi hapa.

Kuna upendeleo mwingine ambao haupewi uzito unaostahili. Visima havichimbwi kwa kutawanywa ovyo. Huchimbwa mahali ambapo mchanga unatarajiwa. Ukichukua asilimia ya mchanga iliyoonekana visimani ukaipa hifadhi nzima, umejipa mchanga ambao haupo. Kabla ya kuiendesha programu yoyote, visima vilivyosongamana hupunguziwa uzito, na asilimia za fasiesi huhesabiwa upya kwa kila tabaka na kila eneo.

Mawimbi ya mtetemo yanayotumwa kutoka juu ya ardhi au baharini hujaza sehemu kati ya visima, ila kwa macho mazito. Mwamba wenye kasi ya mawimbi ya mita 3,000 kwa sekunde, ukipigwa wimbi la hezi 30, hutoa urefu wa wimbi wa mita 100, na tabaka jembamba kuliko robo ya urefu huo, mita 25, halitenganishwi vizuri na majirani zake. Mradi wa Sleipner katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe, ulionyesha uzito wa jambo hili. Tangu mwaka 1996 kaboni dioksidi imekuwa ikiingizwa huko kwenye mchanga mnene uitwao Utsira. Kwenye rekodi za visima kulikuwa na vitabaka vya tope vyenye unene wa kama mita moja. Kwenye picha za mtetemo zilizopigwa kabla ya kazi kuanza havikuonekana. Gesi ilipoingia ikapanda hadi chini ya vitabaka hivyo, ikazuiliwa, ikatanda, na picha zilizofuata zikaonyesha tabaka tisa za gesi zilizopandana. Vitabaka ambavyo mtetemo haukuwa na uwezo wa kuviona ndivyo vilivyokuwa vikiamua gesi iende wapi.

Kutoka krigingi hadi bahati nasibu

Hifadhi huchorwa kwenye kompyuta kama gridi ya seli. Eneo la kilomita 10 kwa 5 lenye unene wa mita 100, likigawanywa kwa seli za mita 50 kwa 50 na unene wa mita moja, hutoa seli milioni mbili. Kila seli inahitaji jibu: mchanga, tope, chokaa, au fasiesi nyingine. Visima vimezijibu chache tu kati ya hizo.

Hisabati ya kujaza pengo ilianzia migodini. Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, aliwasilisha mwaka 1951 tasnifu kuhusu kukadiria ubora wa madini kutokana na sampuli chache. Mfaransa Georges Matheron akaichukua kazi hiyo na kuijengea misingi ya hisabati katika miaka ya 1960, na mbinu hiyo akaiita kwa jina la Krige. Krigingi hukadiria thamani ya mahali kwa kupima umbali wa sampuli na namna sampuli zinavyofanana kadiri zinavyoachana. Mfanano huo huandikwa kwenye mchoro uitwao variogramu: jozi za sampuli zilizo karibu hutofautiana kidogo, zilizo mbali hutofautiana sana, hadi umbali fulani ambapo hazina habari zozote za kupeana.

Kwa dhahabu, krigingi ilifaa. Kwa fasiesi ina kasoro mbili. Kwanza, hulainisha. Ramani yake ni wastani wa yote yanayowezekana, na mbali na visima wastani huo hutulia bila mabonde wala vilima, ilhali ardhi halisi haiko hivyo. Pili, hujibu kwa sehemu, na hakuna seli iliyo mchanga kwa asilimia 60. Seli ni mchanga au si mchanga.

Jibu lililokuja miaka ya 1980, hasa kutoka kwa André Journel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilikuwa kuiga badala ya kukadiria. Programu huchagua seli moja kwa nasibu, hutazama visima na seli jirani zilizokwisha kujazwa, huhesabu uwezekano wa kila fasiesi mahali hapo, kisha hupiga kura kulingana na uwezekano huo. Jibu linabandikwa na kuwa data kwa seli inayofuata, na programu huendelea hivyo hadi gridi ijae. Ukirudia kwa mpangilio mwingine wa nasibu unapata toleo jingine, nalo linakubaliana na visima vilevile. Matoleo mia moja ni majibu mia moja yasiyopingana na data.

Njia hii ni nyepesi na huheshimu visima hata vikiwa mamia. Udhaifu wake ni kwamba variogramu hutazama nukta mbili kwa wakati mmoja. Mto unaojipinda na kundi la mafungu ya mviringo yaliyotawanyika wanaweza kuwa na variogramu zinazokaribiana, na kwa mafuta ni ulimwengu mbili tofauti. Matoleo ya njia hii mara nyingi hufanana na madoa ya wino: ndani ya tope kuna vijichembe vya mchanga, ndani ya mchanga vijichembe vya tope, na fasiesi hukaa jirani na fasiesi ambazo katika maumbile hazigusani kamwe.

Timu ya Ufaransa iliyomhusisha Matheron ilitoa mwaka 1987 njia inayorekebisha hilo la ujirani. Kwanza unatengeneza uso mmoja laini wa namba zinazopanda na kushuka kwa nasibu. Kisha unaukata kwa vizingiti: chini ya kizingiti cha kwanza ni tope la bahari, kati ya vizingiti ni mchanga wa chini ya maji, juu ya vyote ni mchanga wa ufukweni. Kwa kuwa uso haurukiruki, huwezi kutoka tope hadi ufukwe bila kupita katikati, na kanuni ya Walther imeingia kwenye hisabati yenyewe. Kwa pwani zinazosogea na kurudi, na kwa majukwaa ya chokaa, naona hii ndiyo njia ya kwanza kujaribiwa. Baadaye ikapanuliwa kutumia nyuso mbili au zaidi, kwa mahali ambapo fasiesi hazijipangi kwa foleni moja.

Kwa mito ya kale, wengine waliamua kuweka maumbo yenyewe. Unaiambia programu upana wa mkondo, kina chake, mwelekeo na kiasi cha kujipinda, nayo inadondosha mikondo ndani ya tope hadi asilimia ya mchanga itimie. Picha inayopatikana humfurahisha kila aliyewahi kuona mto kutoka angani. Ugumu huja visima vinapokuwa vingi. Mkondo mmoja unaopaswa kupita kwenye kisima cha tatu, kukwepa cha nne na kugusa cha tisa kwa kina kamili husababisha programu kuhangaika muda mrefu, na mara nyingine kukata tamaa au kukunja mikondo kwa namna ambayo mto haujikunji.

Pengo kati ya maumbo mazuri na utii kwa visima lilizaa takwimu za nukta nyingi. Guardiano na Srivastava waliweka wazo hilo mwaka 1993, na Sebastien Strebelle wa Stanford akalifanya litumike kwenye gridi kubwa kwa kuhifadhi ruwaza kwenye mti wa utafutaji, kazi iliyochapishwa mwaka 2002. Badala ya variogramu, unaipa programu picha ya mafunzo: mchoro wa namna unavyoamini fasiesi zimejipanga, usiolazimika kufuata kisima chochote. Programu hupita kwenye picha hiyo ikihesabu mara ngapi kila ruwaza ya seli kadhaa imetokea. Inapofika kwenye seli tupu ya gridi, hutazama jirani zake, hutafuta ruwaza hiyo kwenye hesabu zake, na kupiga kura.

Hapo ndipo swali la kijiolojia linapojitokeza wazi: picha ya mafunzo inatoka wapi? Visima havitoi. Ikiwa mkondo una upana wa mita 200 na visima vimeachana kilomita moja, hakuna hisabati itakayoutoa upana huo kwenye data. Unatoka kwa ndugu wa hifadhi walioko juu ya ardhi: picha za setilaiti za mito na delta za leo, na miamba ya kale iliyojitokeza mahali kama Book Cliffs huko Utah, ambako magenge marefu huruhusu mtu kuufuata mchanga wa pwani ya kale kwa kilomita nyingi na kupima ulipoanza na ulipoishia. Wala hilo si la njia hii peke yake. Umbali wa variogramu kwa upande, vizingiti vya uso laini, upana wa mikondo, vyote ni madai kuhusu mazingira ya kale. Tofauti ni kwamba picha ya mafunzo hulazimisha dai hilo kuchorwa ili wenzako walione na kulipinga.

Mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, imeingia pia uwanjani. Mitandao pinzani ya uzalishaji, iliyotangazwa na Ian Goodfellow na wenzake mwaka 2014, inafunzwa kwa maelfu ya picha za fasiesi na kutoa mpya zinazoshawishi sana. Lakini maelfu hayo ya picha huwa yametengenezwa na mojawapo ya njia nilizokwisha kueleza, au na programu zinazoiga maji yanavyosomba mchanga. Mtandao haujaona chini ya ardhi zaidi ya mwalimu wake.

Asilimia 31

Turudi kwenye kuungana, kwani hapo ndipo fedha na miaka ya watu hupotea. Chukua mchemraba mkubwa uliojaa seli ndogo, kila moja ipewe mchanga au tope kwa kurusha kete. Sehemu ya mchanga ikiwa chini ya takriban asilimia 31, seli za mchanga hubaki visiwa. Ikivuka hapo, linatokea fungu moja kubwa linalounganisha upande mmoja wa mchemraba na mwingine. Mabadiliko hayaji polepole. Asilimia chache zinatosha kugeuza hali yote. Fanya hivyohivyo kwenye karatasi bapa ya seli za mraba, na kizingiti kinapanda hadi karibu asilimia 59.

Fikiria maana ya namba hizo mbili kwa hifadhi yenye asilimia 45 ya mchanga. Mtu anayetazama mkato wa wima kwenye skrini ataona mafungu yaliyotengana na kusikitika, huku mchanga huohuo umeungana mbele na nyuma ya mkato anaoutazama. Miamba halisi haijapangwa kwa kete, kwa hiyo namba zenyewe husogea: mikondo mirefu inayoelekea pande tofauti huungana kwa mchanga mchache zaidi, na utando mwembamba wa tope chini ya kila mkondo unaweza kuutenganisha mchanga uliojaa tele. Ndiyo sababu namtilia shaka yeyote anayeripoti asilimia ya mchanga ya modeli yake bila kusema ni kiasi gani cha mchanga huo kimeunganishwa na visima. Hesabu ya pili hufanyika kwa dakika chache, na mara nyingi ndiyo inayotabiri uzalishaji.

Matoleo mia moja ya wazo moja

Kwa kuwa kila toleo ni moja kati ya mengi, kampuni huendesha mamia na kutoa makadirio matatu: ya chini, ya kati na ya juu. Utaratibu ni mzuri, ila una mtego. Mara nyingi kinachobadilishwa kati ya matoleo ni namba ya kuanzishia nasibu tu, huku picha ya mafunzo, mwelekeo wa mikondo na asilimia ya mchanga vikiachwa vilevile. Makadirio hayo hukaribiana, na ukaribu huo husomwa kama uhakika. Kwa maoni yangu ni afadhali matoleo kumi yaliyojengwa juu ya mawazo matatu ya kijiolojia yanayopingana kuliko elfu moja ya wazo moja, kwa sababu kosa kubwa kwa kawaida limo kwenye wazo.

Uzalishaji ukianza, data mpya huja: mgandamizo unaoshuka, maji yanayotokea kisimani mapema kuliko ilivyotarajiwa. Modeli hurekebishwa ili ikubaliane na historia hiyo. Njia ya haraka, na inayotumika mno, ni kuzidisha upenyezaji wa seli zinazozunguka kisima hadi mistari ya grafu ilingane. Mistari italingana, na jiolojia itakuwa imevunjwa. Njia bora zaidi hurekebisha kundi zima la matoleo kwa pamoja, kama kichujio cha Kalman cha kundi kilichoanzishwa na Mnorwe Geir Evensen mwaka 1994 kwa ajili ya modeli za bahari. Kichujio hicho hupenda namba zinazobadilika taratibu, na fasiesi hazibadiliki taratibu. Ukikiachia kichanganye mchanga na tope utapata nusu mwamba. Njia ya vizingiti husaidia hapa: unarekebisha uso laini uliofichika, kisha unaukata upya, na kila seli inabaki kuwa mwamba mmoja.

Kisima kipya kikikuta tope mahali ambapo matoleo 95 kati ya 100 yaliweka mchanga, programu itazisahihisha seli za jirani bila kulalamika, na modeli itaonekana imepona. Timu inayoijali kazi yake hufungua tena masanduku ya sampuli za mwamba na kuuliza kama kweli hizi ni amana za mto, au ni mifereji ya maji kupwa na kujaa iliyo mifupi na yenye mwelekeo mwingine kabisa. Jibu likibadilika, picha ya mafunzo hubadilishwa, asilimia huhesabiwa upya, na matoleo yote huendeshwa tena kuanzia seli ya kwanza.